Ninavyosoma vitabu vya hifadhidata na seva

Kazi yangu ni kuandika programu zinazotegemea hifadhidata, na mara nyingine kuziangalia seva zenyewe, kwa hiyo vitabu vinene sivikwepi. Kilichonisaidia ni kuacha kwenda ukurasa kwa ukurasa. Naanza na swali linalonihangaisha kazini, natafuta sura yake, kisha nasoma huku terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, iko wazi. Kila anachodai mwandishi nakijaribu.

Chukua sura ya miamala, yaani hatua kadhaa za hifadhidata zinazohesabiwa kama kitendo kimoja, ambayo wengi huiruka kwa sababu ya istilahi zake nzito. Nilifungua madirisha mawili ya terminali, yote yameunganishwa na hifadhidata ya majaribio ya mfumo wa PostgreSQL kwenye kompyuta yangu, nikatengeneza jedwali dogo la stoo lenye bidhaa moja, idadi yake 10. Nikaanza muamala kila upande kwa BEGIN, nikasoma idadi. Pande zote mbili zikanipa 10. Upande wa kwanza nikauza 1, nikaandika 9, nikafunga kwa COMMIT, amri ya kuthibitisha mabadiliko. Upande wa pili, kwa kutumia ile 10 niliyokwisha kuisoma, nikauza 3 na kuandika 7. Jibu sahihi lilikuwa 6. Hakuna onyo lolote lililotokea. Ukiyaona hayo kwa macho yako, sura nzima inafunguka, maana sasa unajua wanazungumzia hasara gani.

Nikarudia zoezi kwa kiwango cha REPEATABLE READ, kimojawapo cha viwango vya kutenganisha miamala inayokwenda kwa wakati mmoja. PostgreSQL ikakataa uandishi wa pili na kuubatilisha muamala ule, ili programu iuanze upya. Nikahamia MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, ambao kwa InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, kiwango hichohicho ndicho cha kawaida bila kuchagua chochote. Huko 7 ikapita kimyakimya! Jina ni lilelile, tabia ni mbili. Ndiyo maana kitabu kinachoeleza viwango hivi bila kutaja ni mfumo upi naona hakijamaliza kazi yake, hata kama kimeandikwa vizuri.

Dawa nayo niliijaribu. Ukisoma kwa SELECT (amri ya kusoma data) yenye FOR UPDATE, inayoufunga mstari uliosomwa, dirisha la pili linasubiri hadi la kwanza limalize. Rahisi zaidi, pale hesabu inaporuhusu, ni kuiachia hifadhidata ipunguze yenyewe: idadi = idadi - 3. Katika kiwango cha kawaida cha PostgreSQL, njia hii ilinipa 6.

Upande wa kununua vitabu, nimejifunza kuchagua. Nadharia haichuji haraka: wazo la mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd la kupanga data kwa mahusiano, yaani majedwali, ni la mwaka 1970, na bado ndilo tunalofanyia kazi. Lakini kitabu kinachojaza kurasa kwa mipangilio ya toleo fulani kinazeeka upesi. PostgreSQL hutoa toleo kubwa karibu kila mwaka na kulihudumia kwa miaka 5 tu. Basi pesa yangu naiweka kwenye vitabu vya misingi: jinsi data inavyokaa kwenye diski, jinsi kufuli zinavyofanya kazi, jinsi seva inavyojirudisha baada ya umeme kukatika. Mipangilio naisoma kwenye mwongozo rasmi, ambao ni bure na kila toleo lina wake.

Kwa seva za Linux, kurasa za man, yaani mwongozo unaofunguliwa kwa amri ya man, ni kitabu ambacho tayari kimo ndani ya mashine, na zimegawanywa kwa namba. Ukiandika man crontab unapata maelezo ya amri ya crontab, inayopanga kazi zijiendeshe kwa ratiba. Ukiandika man 5 crontab unapata muundo wa faili lenyewe, yaani ile mistari ya dakika, saa na siku. Wasimamizi wengi wapya hutafuta muundo huo mbali wakati uko hapo hapo.

Majaribio yote nayahifadhi kama faili za SQL, lugha ya amri za hifadhidata, na juu ya kila faili naandika jina la kitabu, ukurasa na toleo nililotumia. Tukihamia toleo jipya, naziendesha tena kabla ya kugusa seva ya kazini.