Moto usio na kuni

Kule Eburru, mlimani juu ya Naivasha nchini Kenya, mto wa kutegemea hakuna. Watu huvuna maji kwenye mvuke. Pale ardhi inapofuka huchomeka bomba refu, mvuke ukapoa humo ndani, kisha maji yakadondoka kwenye pipa tone kwa tone. Ukisogeza mkono kwenye tundu lenyewe, utaurudisha upesi. Mama mdogo amelea wanawe kwa maji hayo, ndiyo maana swali la kinachowaka huko chini linanigusa.

Hakuna kinachowaka. Sehemu ya joto hilo imebaki tangu dunia ilipoumbika, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, miamba ya angani ilipogongana na kushikamana, na chuma kizito kikazama hadi kiini. Miamba hupitisha joto polepole mno, hivyo dunia haijamaliza kupoa. Kiini chake kina nyuzi zaidi ya 5,000 za Selsiasi. Sehemu nyingine, na ndiyo inayonistaajabisha zaidi, inazaliwa sasa hivi unaposoma: atomu za uraniamu, thoriamu na potasiamu zilizomo miambani zinavunjika moja moja, na kila moja inaacha joto kidogo. Hata ndizi tunazokula zina chembe za potasiamu ya aina hiyo.

Tusingekuwa na joto hili, sijui nani angekuwepo kuuliza. Ndilo linalosukuma mabara. Ndilo pia linalofanya chuma kilichoyeyuka kizunguke ndani ya kiini na kuzaa sumaku ya dunia, inayotukinga na chembe kali za jua. Sumaku ya sayari ya Mirihi ilizimika zamani, na hewa yake nyingi ikapeperushwa angani.

Na joto lipo chini ya kila mtu, awe Lamu au Kisumu: kwa kawaida kila kilomita unayochimba huongeza nyuzi 25 hadi 30. Sisi wa Bonde la Ufa tumebahatika tu kwamba ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapanda karibu. Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, visima vya kilomita 2 au 3 vinatoa mvuke unaozungusha mitambo tangu 1981, na leo jotoardhi ndilo linaloipa Kenya umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Mvua ikikosa, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yakapungua, mvuke wa Olkaria hauna habari.