Mamdogo hayumo kwenye fomu

Jana nimelala saa nane usiku kisa karatasi. Kaka yangu yuko Marekani, alikwenda kwa bahati nasibu ya grini kadi, akakaa miaka yake mitano na ushee, mwezi uliopita kaapishwa uraia, na hata hongera hakusubiri, kapiga simu anasema tafuta vyeti vya mama, namuombea aje.

Mama, kwetu sisi, ni mamdogo. Mama mzazi alifariki kaka ana miaka saba mi nina mitatu, naijua sura yake kwa picha moja tu. Mamdogo ndo aliyekuja Muheza kutuchukua akatuleta hapa Ngamiani, na vitumbua vyake ndo vilivyotusomesha, ada, sare, mpaka nauli ya kaka ya kwenda Dar kwenye usaili wa viza.

Basi nikashusha lile kopo la biskuti juu ya kabati. Kadi za kliniki zimegeuka rangi ya chai, ripoti za shule, risiti za ada, chini kabisa cheti cha kaka kwenye nailoni. Jina la mama: la marehemu. Nilijua litakuwa hilo, lingekuwa la nani? Lakini nilikaa chini.

Kaka kumbe keshasoma, alikuwa anatafuta mtu wa kusikitika naye. Fomu yenyewe inaitwa I-130, raia anaweza kumuombea mume au mke, mtoto, mzazi, na ndugu wa kuzaliwa. Basi. Bibi hayumo, shangazi hayumo, mamdogo hayumo. Ukisema alituasili, wanataka iwe kisheria na kabla mtoto hajafika miaka 16, sasa nani Tanga hii angekwenda mahakamani kuomba apewe mtoto wa dada yake, watu si wangesema kachanganyikiwa, mtoto wa dada yako ni wako toka siku anazaliwa.

Jirani mmoja akanishauri "si mtengeneze cheti kingine." Nisiwe mnafiki, usiku ule niliwaza. Ila kaka kwenye fomu zake mwenyewe alishaandika mama kafariki, na jina lake akalitaja, uongo wa hivyo unaweza kumpeleka jela. Halafu ile karatasi ndo jina la mama lilipobaki. Nilifute ili iweje?

Lililoniuma zaidi ni la mama wa kambo. Mama wa kambo anahesabika mzazi, alimradi ndoa ilifungwa kabla mtoto hajafika miaka 18. Na baada ya arobaini ya mama wazee walimtaka mamdogo aolewe na baba. Akawaambia watoto nawachukua, mwanaume abaki na nyinyi.

Asubuhi nikamweleza, yuko kwenye chuma anageuza vitumbua. Kijiti kikasimama. "Kwa hiyo ningekubali kulala na shemeji yangu, leo ningekuwa mama yenu?"

Nikasema ndo sheria yao ilivyo. Akacheka weee, kacheka mpaka safu nzima ya nyuma ikaungua, wateja wanamwangalia tu. Mi sikucheka.

Kaka sasa anasema basi angalau nikuombee wewe. Mzazi wa raia hana foleni ya viza, ndugu anayo: dunia nzima viza 65,000 kwa mwaka na watu wanasubiri miaka 15 na kuzidi. Mi nina 38. Mwanangu wa kwanza ana tisa, na wa kufuatana na mzazi lazima awe chini ya 21 na hajaoa, kuna mahesabu ya kumpunguzia mtoto umri lakini hata kaka hajayaelewa vizuri.

Mamdogo akauliza, miaka 15, yeye atakuwa na mingapi? Ana 66. Nikajifanya nachota unga.

Cheti changu nimeshakipiga picha. Sijakituma.