Macho ya buluu na mahameli nyeusi

Leo jioni nimemkalisha mdogo wangu dirishani, nikatundika buibui la mama pembeni ya kamera.

Nilikuwa naijaribu mbinu ya James Wong Howe, mpiga picha wa filamu.

Mzaliwa wa China, 1899. Hollywood alianza kwa kufagia chumba cha kamera! Mwigizaji Mary Miles Minter alikuwa na macho ya buluu iliyopauka, na filamu za enzi ile ziliigeuza buluu kuwa nyeupe. Macho yalitoka kama hayana mboni. Howe akampiga picha macho yakatoka yamekolea. Siri? Mahameli nyeusi iliyoakisiwa machoni. Mary akamtaka awe mpiga picha wake.

Baadaye Howe alishinda Oscar mbili.

Linaloniuma ni hili: ndoa yake na mwandishi Sanora Babb, mzungu, sheria ya California haikuitambua hadi 1948. Miaka yote hiyo anawapendezesha mastaa wao.

Basi buibui likafanya kazi. Macho ya mdogo wangu yametulia, yana kina, kama maji ya kisimani. Nimekaa nayaangalia tu.

Wapiga picha wenzangu, nyie mnatumia nini? Niambieni.