Reli za baraza Raskazone: nilivyoziacha stenlesi na skwea paipu

Ukiweka reli za baraza karibu na bahari, kama hapa Raskazone, Tanga, kila mtu ana ushauri uleule: "Weka stenlesi, haishiki kutu." Anayejiona mjuzi zaidi huja na sumaku mfukoni, isiponasa, eti ndiyo ile nzuri. Sumaku haijui hilo. Stenlesi ya daraja la 304 hainasi, ya 316 hainasi, na hata ile ya bei poa ya 201 mara nyingi hainasi. Ya kuhimili chumvi ya Tanga ni 316, kwa kuwa ina molibdeni. Hiyo 304 huota madoa ya rangi ya chai, hasa penye viungo vilivyochomelewa vikaachwa bila kusafishwa. Niliomba cheti cha mzigo kinachoonyesha ni 316, nikaonyeshwa sumaku. Nikaaga.

Ikabaki skwea paipu, bomba la chuma la pembe nne, ya mm 40 kwa 40, kipenzi cha mafundi. Hapo mizani ilinifaa kuliko ushauri wa watu kumi. Unene wa ukuta hauonekani vizuri kwa macho, maana msumeno huacha ukingo uliovimba mdomoni, na kilichoandikwa kwenye risiti ni matumaini tu. Uzito haudanganyi. Bomba la mita 6 lenye ukuta wa mm 2 lina kilo 14 hivi. La mm 1.5 lina kama 11. La mm 1.2 halifiki 9. Niliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza mkaa wa jirani, nikafunga kamba katikati ya bomba lililoitwa "mm 2 kamili". Ikasoma kilo 9 kasoro. Muuzaji akasema mizani mbovu. Tukaning'iniza mfuko wake mwenyewe wa saruji: 50. Hakuongeza neno.

Na hata ukipata nene, skwea paipu nyeusi, isiyo na zinki, huliwa na kutu kutoka ndani, ambako brashi ya rangi haifiki. Maji huingia kwenye kiungo chenye tundu, yanatuama chini, na mguu wa reli unakatika pale unapoingia sakafuni huku juu bado unang'aa.

Nikachukua mabomba ya maji ya GI, yaliyochovywa kwenye zinki nje na ndani. Miguu ni inchi moja na nusu yenye mstari wa bluu, yaani uzito wa kati, ukuta wa mm 3.2, kilo 21 na kitu kwa mita 6. Mstari wa kahawia ni jepesi, mwekundu ni zito. Bei ilikaribia mara mbili ya skwea paipu, lakini sijutii. Miguu inapishana mita 1.2 za wazi, na kati yake fito za GI ya nusu inchi zilizosimama wima. Weka 10, siyo 9: tisa zinaacha mwanya unaozidi kidogo sentimita 10, na kichwa cha mtoto ndicho kipimo. Fito za kulala zinapendeza kwenye picha, ila mtoto anazigeuza ngazi.

Kitako, yaani bamba la chuma chini ya mguu, ndicho kinachobeba kila kitu. Mtu mzima akiegemea reli ya mita 1.1 kwa nguvu ya kilo 90, bolti mbili za upande wa nyumba zinavutwa kwa karibu tani moja, maana bamba ni sentimita 12 tu. Kwa hiyo bamba la mm 8, bolti nne za mm 12, na sentimita 10 kutoka ukingo wa zege, la sivyo ukingo unamegeka. Bolti ihesabiwe urefu wake ndani ya zege lenyewe: ukitoboa taili na sentimita 5 za lipu ya sakafu, bolti ya sentimita 8 imeshika karibu hewa. Mimi nilitumia za gundi ya epoksi. Tundu lisuguliwe kwa brashi na kupulizwa vumbi kwa pampu ya baiskeli, mara mbili. Gundi juu ya vumbi haishiki kitu.

Kabla ya kuchomelea, zinki isagwe kwa grenda sentimita chache kila upande. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa ya usiku, na yale maziwa wanayokunywa mafundi hayaizuii. Upepo mgongoni unasaidia zaidi. Kisha kiungo kigongwe maganda, kisuguliwe, kipakwe rangi yenye unga wa zinki mara mbili. Fundi wangu alikuja na kopo la rangi ya silva. Silva inaficha tu. Bamba lilipata zinki, kisha epoksi, na kila mguu una tundu la mm 8 karibu na chini ili maji yatoke.

Juu nikaweka mtiki wa Longuza, shamba la miti la Muheza, mm 100 kwa 40, kwa sababu chuma cha saa nane mchana hakishikiki. Chagua kiini cha kahawia. Ule ubao wa kando wenye weupe unaliwa. Uso wa juu uviringwe, chini upitishwe mfereji mdogo wa kudondoshea maji, skurubu ziingie kutokea chini kupitia flati bari (chuma bapa), na maungio yakatwe mshazari juu ya mguu, si katikati ya nafasi. Vanishi usiipake: jua linaibandua vipande vipande. Mafuta ya kitani yanatosha, na mwanzo wa kila kiangazi unarudia.