Siku moja maishani mwangu: fundi wa mifarishi, Kirumba, Mwanza

Saa 1 asubuhi. Banda langu liko karibu na njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo siku inaanza na harufu ya dagaa na kelele za mikokoteni. Mezani kuna mfarishi wa mama mmoja wa Igoma: vitenge juu, pamba ya kujazia katikati, kitambaa cheupe chini. Viraka vimeshaungwa. Leo ni kushona tabaka zote tatu pamoja, na hapo ndipo uzi mbovu hujulikana.

Saa 2. Nafungua sehemu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kufagia manyoya ya uzi kwa brashi. Sindano naweka mpya, namba 14. Kila mfarishi na sindano yake.

Saa 3 na nusu, madukani Makoroboi. Uzi siagizi kwa simu, lazima niushike. "Karibu fundi, leo rangi gani?" Namwomba muuzaji anitolee ulio ndani ya boksi, si ule wa mezani. Jua linakula uzi. Koni ya uzi iliyoanikwa nje muda mrefu hupauka upande mmoja, na upande huo ndio utakaokukatikia katikati ya kazi.

Navuta kipande na kukielekeza kwenye mwanga. Uzi mzuri umelingana mwanzo mwisho. Ule mbovu una vinundu, na kila kinundu kikifika kwenye tundu la sindano kinasita. Kisha nauzungushia vidoleni na kuuvuta: uzi mzima hukaza kwanza ndipo ukatike, uliochakaa huachia papo hapo.

Nimechukua poliesta ya 40/2. Hiyo 2 ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, na 40 inaonyesha unene wa kila moja: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Ndiyo maana 20/2 ni mnene kuliko 40/2. Ningetaka 20/2, ningehitaji pia sindano ya 16 au zaidi. Uzi wa kudarizi unaong'aa nimeuacha, maana ni wa reyoni, na reyoni ikilowa inapungua nguvu, na mfarishi ni kitu cha kufuliwa.

Saa 5. Nachukua kipande cha uzi, napitisha sindano tupu, nauinamisha. Sindano inateleza yenyewe hadi chini, basi tundu linatosha. Ingekwama, uzi ungesuguka na kuchanika, kwa sababu kabla ya kukaa kwenye kitambaa hupita tunduni mara nyingi, mbele na nyuma.

Binti ninayemfundisha anashona kitambaa cha majaribio, kina tabaka zote tatu. Ghafla chini panajaa vitanzi. "Mama, nimwite fundi wa mashine?" Hapana mwanangu, inua mguu wa cherehani kwanza, utoe uzi wa juu, uupitishe upya. Mguu ukiwa juu, visahani vya kukaza uzi vinafunguka na uzi unaingia kati yake. Ukiwa chini, uzi unakaa juu juu bila kushikwa. Vitanzi vikaisha. Nimeona watu wakilipia matengenezo kwa shida ya namna hii, na inaniuma.

Saa 8 mchana. Jirani kaleta uzi wa nailoni, mumewe anashona nao nyavu. "Dada, huu haukatiki, ushonee mfarishi wangu." Nimemshukuru, nikamweleza. Nailoni huvutika ikiwa kwenye mashine, halafu hurudi, kitambaa kikasinyaa mstari mzima. Pasi ya moto huiyeyusha. Na uzi ukizidi kitambaa kwa nguvu, siku ya kuchanika kinachanika kitenge. Mshono ukifumuka naushona tena, lakini kitenge kilichokatwa na uzi hakina dawa. Kaafiki tutumie poliesta.

Saa 9 hadi 11. Kushona tu, kutoka katikati kwenda pembeni.

Saa 12 jioni. Mwenye mfarishi kapiga simu, anataka pindo jekundu. Kesho narudi Makoroboi. Kitambaa chekundu nitakilowesha kwanza pamoja na kipande cheupe, na uzi wake vilevile, nione kama vinachuja.