Programu nilijifunza, uhasibu ukanitoa jasho

Wengi huniuliza nilisomea wapi programu. Hakuna chuo. Nilijifunza mwenyewe, kwanza Python, lugha ya kuandikia programu, kisha SQL, lugha ya kuchambua hifadhidata, na hiyo SQL ndiyo inayonilisha mpaka leo. Ila programu za biashara zina mambo yake jamani! Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, inakupa 0.30000000000000004. Kwenye gemu nani atajali? Kwenye ankara, mhasibu hakuachii. Ndiyo maana fedha nazihifadhi kwa senti, namba nzima. Debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, utaratibu ambao Mwitaliano Luca Pacioli aliuchapisha mwaka 1494, nilifundishwa na mama mmoja mtunza hesabu, kwa kalamu na daftari. Mfumo ukigoma, bado ananipigia mimi kwanza.