Nilivyoizoea "makai"

"Shuka King Street, ingia makai, jengo la tatu." Hayo ndiyo maelekezo niliyopewa kwa simu na mama mwenye chumba, wiki yangu ya kwanza Honolulu, Hawaii. Nikadhani Makai ni jina la mtaa. Nikatafuta kibao, sikukiona, nikaburuta begi kwenye kamwinuko mpaka mtaa wa Beretania, halafu nikampigia tena. Akaniuliza jambo moja tu: "Milima unaiona?" Naiona. "Basi ipe mgongo, uje."

Kwa Kihawaii, kai ni bahari na uka ni bara, huko juu. Tanguliza ma, ambayo huonyesha mahali, upate makai, upande wa baharini, na mauka, upande wa milimani. Kwa pande mbili zilizobaki watu wa Honolulu hutaja mahali: Ewa kwa magharibi, na kwa mashariki Diamond Head, ile kreta ya volkano karibu na Waikiki. Ukiambiwa "kona ya makai, upande wa Ewa", unajua ni pembe ipi kati ya zote nne za njia panda.

Maana niliijua siku ileile. Kuitumia ndiko kulikonichukua muda, kwa sababu nilikuwa natafsiri: makai, yaani kusini, kisha nafungua dira ya simu. Mjini Honolulu hesabu hiyo inakubali. Jumapili moja nikapanda basi kwenda Kailua, ng'ambo ya milima ya Koolau. Tukapanda barabara ya Pali tukielekea mauka, tukapita kwenye handaki, na bila kurudi nyuma hata hatua moja tukawa tunateremka makai. Bahari ya huko ilikuwa kaskazini mashariki. Dira nikaifunga.

Nikaanza kusoma ardhi. Maghorofa huziba bahari, lakini tazama mwisho wa mtaa utauona mgongo wa Koolau, mara nyingi umefunikwa na wingu, maana upepo wa kaskazini mashariki hupanda milima na kuacha unyevu wake huko juu. Penye wingu ni mauka. Usiku nilitegemea miguu: barabara ikiteremka, naenda makai.

Halafu nikakumbuka lugha yangu, na hilo lilinigusa sana. Kusini na kaskazini zetu zimetokana na pepo za baharini, kusi na kaskazi. Pwani ni pale maji yanapopwa. Maneno hayo nimeyatamka tangu utotoni, na sikuwahi kuusikia upepo uliomo.

Mwezi wa tatu, mzee mmoja kituoni aliniuliza duka la dawa liko wapi. "Mauka kidogo, mzee, kona ya Diamond Head," nikamjibu, na mkono ulikuwa umeshanyooka kabla sijautazama mlima.